SOMO LA ROBO HII: Kitabu kipi cha kujifunzia kuandika programu?



Hapa Mandewa tulipokea boksi la vitabu vya kompyuta kutoka kwa rafiki zetu wa ng'ambo. Tulishukuru, tukavipanga kabatini. Kijana mmoja wa kidato cha nne akaazima kitabu cha lugha ya Python ili ajifunze nyumbani kwa kompyuta ya kaka yake. Baada ya siku mbili alikirudisha, akasema yeye hana kichwa cha kompyuta. Tulipokaa naye tuliona kwamba aliandika mstari wa kwanza wa kitabu herufi kwa herufi, na kompyuta ikaukataa. Kosa halikuwa lake. Kitabu kilifundisha Python 2, na kompyuta ilikuwa na Python 3.

Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 iliacha kuhudumiwa Januari 2020. Katika ile ya zamani agizo la kuonyesha maneno kwenye skrini, yaani print, liliandikwa bila mabano. Katika mpya mabano ni lazima. Hapo angalau kompyuta hulalamika. Kibaya zaidi ni pale inaponyamaza. Ukigawanya 7 kwa 2 katika Python 2 unapata 3. Katika Python 3 unapata 3.5. Kitabu kinasema hivi, kompyuta inasema vile, na mwanafunzi asiye na mwalimu hajui aamini kipi. Mara nyingi huishia kujiona yeye ndiye mjinga.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama kitabu ni kizuri, tuulize kinafundisha toleo gani. Tusitazame mwaka wa uchapaji peke yake, maana vitabu vya Python 2 viliendelea kuchapishwa miaka mingi baada ya 2008. Chukueni Think Python cha Allen Downey: chapa ya 2012 inafundisha Python 2, na ile ya 2015 inafundisha Python 3. Jina ni lilelile.

Kitabu hicho tunakipendekeza, na historia yake inatuhusu. Mwaka 1999 Downey alikuwa mwalimu wa chuo huko Marekani, akifundisha lugha ya Java. Wanafunzi wake wengi walishindwa, na aliona kuwa vitabu vilikuwa vinene mno kiasi kwamba hawakuvisoma. Akaandika chake, chembamba, chenye sura fupi, akatoa ruhusa yeyote akinakili na kukibadilisha. Mwalimu wa sekondari katika jimbo la Virginia, Jeff Elkner, akakitumia ruhusa hiyo na kukihamishia kwenye Python. Leo chapa ya 2015 inapatikana bure kwenye intaneti, na ruhusa yake inakubali kunakili, kuchapa na hata kufasiri, mradi tusiuze. Kuna chapa mpya zaidi ya 2024, lakini hiyo imepangwa kwa ajili ya mtu anayefanyia mazoezi kwenye intaneti. Kwa nyumba isiyo na intaneti ya uhakika, sisi tungechukua ile ya 2015.

Pamoja na kitabu, pakueni maelezo rasmi ya Python yenyewe. Yanatolewa bure kama kifurushi kimoja, yana somo la kuanzia ndani yake, na baada ya kupakuliwa hayahitaji intaneti tena. Flashi moja inatosha kuyapeleka usharika mzima.

Angalieni pia umri wa kompyuta. Nyingi tunazopewa bado zina Windows 7, na toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8. Mtu akijaribu kuweka jipya zaidi halitaingia, na atadhani kompyuta imeharibika. Kitabu cha 2015 kinakwenda vizuri na 3.8.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa heshima: kabla ya kufunga boksi, tuandikieni majina ya vitabu na chapa zake. Nauli ya boksi la vitabu vilivyopitwa inatosha kuchapa na kufunga nakala kadhaa za kitabu kinachofaa hapa hapa mjini, na nakala hizo kijana anaweza kuziandika pembeni kwa penseli bila woga.

Limebaki suala la lugha. Watoto wetu husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari hukutana na Kiingereza, na kitabu cha programu huwaongezea mzigo wa tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha mwaka 2004, kilipotoa Jambo OpenOffice, kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Sisi tumeanza kufasiri sura ya kwanza ya Downey pamoja na vijana wanne, akiwemo yule aliyerudisha kitabu. Kile kisanduku chenye jina ambamo programu huhifadhi thamani, wawili wanataka kiitwe kigeu, wawili wanasema kibadilika. Mwenye neno bora zaidi alilete ofisini.