JIRANI TWAMPA DENI, MGENI TWAMPA FEDHA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, somo letu la leo ni juu ya mnunuzi na mwenye duka. Huenda mtu akasema: Haya ni mambo ya sukari na unga, yahusu nini darasa la dini? Twamjibu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu si ya sala wala ya saumu, bali ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yatufundisha kuandika deni, kuweka mashahidi, na kutochoka kuliandika likiwa dogo au likiwa kubwa. Basi dini iliyoingia mpaka katika daftari la mwenye duka, haiwi ajabu sisi nasi tukilifungua daftari hilo na kulisoma.

Sisi watu wa Kipini tunaishi mlangoni mwa Mto Tana, mbele ya Ghuba ya Ungwana. Mahitaji yetu ya kila siku twayapata katika maduka ya mtaani: robo ya sukari, kibaba cha mchele, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Maduka makubwa yaitwayo supamaketi, ambayo mtu huingia na kujichukulia mwenyewe vitu rafuni, ni ya miji mikubwa kama Malindi na Mombasa. Lakini safari siku hizi ni nyingi. Mtu huenda kwa matibabu, au kumtazama mwanawe chuoni, au kwa shughuli ya serikali, na arudipo huja na katoni na mifuko. Na wako wanaosafiri kwa ajili ya kununua tu. Ndipo likazuka swali ambalo limeulizwa darasani mara nyingi: Je, ni halali kumwacha jirani yako Muislamu na duka lake, ukapeleka fedha zako kwa mwingine aliye mbali?

Kununua katika duka kubwa si haramu

Asili ya biashara ni uhalali, maadamu kitu ni halali na pande mbili zimeridhiana, kama tunavyofahamishwa na aya ya 29 ya Suratun Nisaa. Hakuna dalili inayomlazimisha Muislamu kununua katika duka fulani, na wala haimpasi mtu kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu kwa sababu ya kumlindia mwenye duka faida yake.

Na tuseme haki: maduka makubwa yana mema yake. Bei imeandikwa, tajiri na maskini huilipa sawasawa, na mtoto akitumwa hadanganywi. Tarehe ya mwisho ya kutumia kitu husomeka, na mnunuzi hupewa stakabadhi. Haya yote ni katika adabu za soko la Kiislamu, na ni aibu yetu ikiwa tutayakuta kwa wengine tukayakosa kwetu.

Lakini kuwa jambo ni halali si kusema kwamba halina hesabu. Tuchukue mfano. Tuseme kilo ya sukari katika duka la mbali ni rahisi kwa shilingi 20 kuliko hapa, na tuifanye nauli ya kwenda na kurudi kuwa shilingi 1,000. Mtu huyo itampasa anunue kilo 50 za sukari ndipo arudishe nauli yake tu, na bado hajalipia mzigo wala kutwa yake aliyoipoteza. Aliyesafiri kwa haja nyingine akanunua njiani, huyo amefanya busara. Aliyesafiri kwa ajili ya urahisi wa bei peke yake, na apige hesabu kwanza.

Jambo lenyewe ni deni

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Bahari yetu ina misimu yake. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo huzuiliwa, na nyumba ya mvuvi hukosa fedha. Mkulima naye hungoja mavuno ya mpunga na ya maembe. Katika miezi hiyo ya dhiki, ni nani ampaye mvuvi unga wa leo kwa fedha za mwezi ujao? Supamaketi haimjui kwa jina. Anayempa ni mwenye duka wa mtaani, naye hampi kwa rehani wala kwa karatasi ya benki, bali kwa kuwa anamjua yeye na baba yake.

Huyu mwenye duka ametenda alivyoagizwa. Bwana Mtume (S.A.W.) alimwombea rehema mtu aliye mwepesi auzapo, anunuapo na adaipo haki yake. Na aya ya 280 ya Suratul Baqara yamwamrisha mwenye kudai amngoje mwenye dhiki mpaka apate wasaa.

Lakini dhiki ina mwisho. Kaskazi huja, samaki hupatikana, maembe huuzwa, na fedha huingia mkononi. Je, fedha hizo huenda wapi? Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Wako miongoni mwetu ambao zikiingia fedha, hupita mbele ya duka la mdai wao wakiwa wamegeuza uso, wakapanda gari, wakaenda kununua kwa fedha taslimu kwa mtu asiyewadai chochote. Zikiisha, hurudi kwa yule yule jirani na kumwambia: Niandikie, ndugu yangu. Jirani twampa deni, na mgeni twampa fedha.

Hili si la kupendelea duka hili au lile tena. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa, huko kuchelewesha ni dhulma. Kungojewa ni haki ya mwenye dhiki peke yake. Siku ile alipopata, muhula umekwisha. Na tukumbuke yule maiti aliyeletwa mbele ya Mtume asaliwe, akauliza kama ana deni, akaambiwa ana dinari chache na hakuacha cha kuzilipa. Mtume hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa dinari chache za mtu aliyekosa zilikuwa nzito namna hiyo, nini hali ya yule aliyepata na kuzificha?

Namna duka linavyokufa

Watu husema: Nifanyeje, na duka la mtaani ni ghali, tena rafu zake ni tupu? Na tuitazame sababu yake. Tuseme mwenye duka ana rasilmali ya shilingi 100,000, na shilingi 60,000 zimelala daftarini. Akienda kwa muuza jumla, huenda na shilingi 40,000. Kwa kuwa anunua kidogo, hapati punguzo. Gari analokodi ni lile lile na gharama ni ile ile, lakini sasa gharama hiyo yagawanywa juu ya mifuko michache, na kila mfuko wapanda bei. Vitu vingine huviacha kabisa. Kisha mdeni wake huja, akaona rafu tupu na bei ya juu, akasema: Waona? Duka hili halifai. Naye ni katika walioliondolea kufaa.

Duka hilo likifungwa, aliye na gari na fedha hadhuriki. Anayedhurika ni mjane anunuaye robo, na mgonjwa asiyeweza safari. Tumeyaona mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya masika ya 2024, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipokatwa na maji. Siku kama hizo supamaketi ya Malindi haimfai mtu wa Kipini, hata bei yake iwe rahisi namna gani. Twategemea alichokiweka jirani ndani ya duka lake.

Wala mtu asidhani kwamba ukubwa ni dhamana. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Na mwezi wa Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ivunjwe. Wengi walioumia ni waliokuwa wamepeleka bidhaa zao na kungoja malipo. Tazama tofauti ya madeni haya mawili: mwenye duka dogo huumia kwa kukopesha wanunuzi, na duka kubwa laweza kuwaumiza waliolikopesha bidhaa. Sheria ya Mwenyezi Mungu ni moja juu ya wote: aliye na uwezo na alipe kwa wakati wake.

Mkopo wa simu

Kuna jambo jingine lililoingia baina yetu. Mtu akifika mbele ya mpokea fedha na salio la simu halitoshi, hubonyeza, na simu hummalizia. Huduma ya namna hii iitwayo Fuliza ilianza Kenya mwaka 2019. Huchukua ada kwa kiasi kilichotolewa, na ada ya kila siku deni likiendelea kukaa. Fedha zilizokopeshwa zikirudi na nyongeza kwa sababu ya kukaa, hiyo ndiyo riba tuliyokatazwa, hata ikipewa jina la ada. Basi mtazame mtu aliyeacha kununua kwa jirani ambaye deni lake halizai, kwa ajili ya kupunguziwa shilingi chache, akazilipa shilingi hizo na zaidi kwa njia ya haramu. Amepata hasara ya dunia na ya dini pamoja.

Wajibu wa mwenye duka

Tumemtetea mwenye duka. Sasa na yeye atusikilize, kwani ujirani si ruhusa ya kudhulumu.

Kwanza, mizani. Suratul Mutaffifin yaanza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Anayeuza kwa robo na kwa kibaba hupima mara nyingi kwa siku, na upungufu mdogo katika kila kipimo ni wizi mkubwa mwisho wa mwaka.

Pili, kuficha aibu ya kitu. Bwana Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu la chakula sokoni, akakuta ndani kuna umaji, akamkataza muuzaji kuficha na kusema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Unga uliopita tarehe yake, au mchele mbovu uliochanganywa na mzuri, ni fungu lile lile.

Tatu, bei ya mkopo. Wanavyuoni wengi wamejuzisha bei ya kukopa kuzidi bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wakati wa kuuziana wakate bei moja ijulikane. Lakini deni likishaandikwa, kisha likaongezwa kwa kuwa mtu amechelewa, hiyo ni riba ya zama za Jahiliya, na jina la ujirani haliisafishi.

Nne, kuficha chakula watu wakiwa katika shida ili kipande bei. Mtume (S.A.W.) amemwita afanyaye hivyo mwenye kukosea. Mwenye kuifunga ghala yake barabara ikikatika, asitegemee kukumbukwa barabara ikifunguka.

Shauri letu

Alipohamia Madina hali hana kitu, Abdulrahman bin Auf (R.A.) alipewa na ndugu yake wa Kiansari nusu ya mali. Akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu, akaanza kwa kuuza samli na jibini kavu. Nasi basi hatuombi maduka ya Kipini yapewe sadaka, bali yapewe haki yake. Kwa hivyo twashauri mambo matatu.

La kwanza: kila deni liandikwe katika vitabu viwili, kimoja cha mwenye duka na kimoja cha mwenye kukopa, pamoja na bei na siku ya kulipa. Hiyo ndiyo amri ya aya tuliyoanza nayo, na ndiyo dawa ya ugomvi.

La pili: mtu akipata fedha, alipe deni la jirani kabla ya kupanda gari. Akishalipa, na anunue apendapo. Hapo ndipo uhuru wake wa kuchagua unapokuwa safi.

La tatu: wenye maduka washirikiane kununua kwa jumla, wakodi gari moja, wagawane gharama. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi, walichanga akiba zao wakafungua duka lenye siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa tu. Waliuza kitu kisichoghushiwa, kwa kipimo kamili, kwa fedha taslimu, na faida wakawagawia wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Kutoka hapo vyama vya ushirika vilienea duniani. Sisi tuna mlango wa sharika katika vitabu vyetu vya fiqhi tangu karne nyingi kabla yao. Twausoma darasani, na sokoni kila mtu yu peke yake.

Maswali ya darasa

1. Ni nani astahikiye kungojewa katika deni, na haki hiyo humwisha lini?
2. Ipi tofauti baina ya kuzidisha bei wakati wa kuuziana na kuzidisha deni baada ya kuchelewa?
3. Kila mmoja afungue daftari lake nyumbani. Je, yuko jirani anayekudai nawe una cha kumlipa?

Swali la tatu halijibiwi darasani. Hujibiwa dukani, kabla ya sala ya Magharibi.

Wabillahi Tawfiq.