Bunju Ndani ya Pakiti

Bunju akiwa mzima hamdanganyi mvuvi: ngozi haina magamba ya kawaida, meno yake manne mapana yamebanana kama mdomo wa kasuku, na akishtuliwa hujijaza maji akavimba. Shida huanza kisu kikishapita. Akikatwa kichwa na kuchunwa, hubaki mnofu mweupe kama wa samaki wengine. Ukisagwa au kukaushwa, hata mzoefu hubaki kubahatisha.

Mwezi Mei 2007, watu wawili mjini Chicago, Marekani, waliugua baada ya kupika samaki waliyemnunua dukani. Mwenye duka na msambazaji wake wa California walikana kuuza bunju; walidai ni monkfish, ambaye naye huuzwa sana bila kichwa. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni wa ukoo wa bunju, na tetrodotoksini, sumu ya bunju, ikakutwa kwa wingi katika mabaki ya mlo na katika samaki wa shehena ileile. Bidhaa ikarudishwa kutoka majimbo matatu.

Vipimo vyote viwili vilihitajika. Vinasaba hutaja aina ya samaki, ingawa joto la kiwandani huvikatakata, hivyo kwa samaki wa kopo wataalamu hutafuta vipande vifupi. Lakini havisemi sumu ni kiasi gani; hiyo ni kazi ya kipimo cha kemikali. Kwa bunju wengi sumu hukaa zaidi kwenye ini na mayai, ila wapo, kama Lagocephalus lunaris, ambao hata nyama yao ina sumu.

Jikoni hakuna kipimo. Kuchemsha, kukaanga, kutia chumvi au ndimu hakuondoi sumu hii, wala haina harufu ya kukuonya. Kama unaweza, nunua samaki mwenye kichwa na ngozi. Mnofu wa pakiti uwe na jina la samaki, mzalishaji na namba ya shehena. "Samaki mweupe" si jina.

Ganzi ya midomo na ulimi baada ya kula, mara nyingi ndani ya saa chache, ni dharura. Msipoteze muda kumnywesha mgonjwa maziwa: dawa ya kuua sumu hii haipo, na kinachomwokoa ni kusaidiwa kupumua hospitalini. Anaweza kushindwa kusema huku akisikia kila neno. Anayebaki nyumbani asioshe sufuria: mabaki yaingie kwenye friji pamoja na pakiti yake, maabara itayahitaji.