Mada: Miundo na Miungano katika Lugha ya C

Malengo: Ukimaliza mada hii uweze (a) kutofautisha muundo na muungano, (b) kukokotoa nafasi vinayochukua kwenye kumbukumbu, na (c) kueleza kwa nini muungano huhitaji alama.

1. Muundo

Fikiria ghala la mazao karibu na stesheni ya Mpanda, mwisho wa tawi la reli linaloanzia Kaliua. Kila mstari wa daftari la karani una namba ya mkulima, jina la zao na kilo. Ni data za aina tofauti, ila zote zinahusu mzigo mmoja. Safu haifai hapa, kwa sababu hubeba data za aina moja tu. Muundo hukusanya aina tofauti chini ya jina moja:

struct mzigo {
  int namba;
  char zao[20];
  float kilo;
};

Usisahau nukta mkato mwishoni. Ukitangaza struct mzigo m. Kila sehemu hufikiwa kwa nukta, mfano m.kilo = 45.5;

Kila sehemu ina nafasi yake. Kama int na float ni baiti 4 kila moja, ukubwa ni 4 + 20 + 4 = 28. Wakati mwingine kompaila huongeza baiti tupu katikati au mwishoni, hivyo ukubwa wa muundo haupungui jumla ya sehemu zake, ila unaweza kuizidi.

2. Muungano

Sasa ghala linapokea mpunga kwa magunia na asali kwa kilo. Mzigo mmoja hauhitaji vipimo vyote viwili:

union kipimo {
  int magunia;
  float kilo;
};

Sehemu za muungano hugawana nafasi moja. Muundo wenye sehemu hizi mbili ungechukua baiti 8. Muungano huu huchukua 4, yaani nafasi ya sehemu kubwa kuliko zote.

3. Mtego wa mtihani

union kipimo k;
k.magunia = 12;
k.kilo = 45.5;
printf("%d", k.magunia);

Wanafunzi wengi hujibu 12. Kwenye kompyuta za kawaida jibu ni 1110835200. Thamani 45.5 imefuta 12, kisha baiti zake zimesomwa kana kwamba ni namba kamili. Programu haisimami wala haitoi kosa. Mkulima aliyeleta magunia 12 anaonekana ana zaidi ya bilioni moja, na hesabu ya malipo inaharibika kimyakimya.

Karani mzoefu huuliza, "Magunia au kilo?" Kompyuta haiulizi. Ni kazi yako kuihifadhi alama pamoja na kipimo:

struct mzigo {
  int namba;
  char zao[20];
  char alama;
  union kipimo k;
};

Alama ikiwa 'M' ni magunia, ikiwa 'K' ni kilo. Iangalie kabla ya kusoma:

if (m.alama == 'M')
  printf("Magunia %d", m.k.magunia);
else
  printf("Kilo %.1f", m.k.kilo);

Kumbuka: Ukikutana na swali la muungano, tafuta kwanza sehemu iliyoandikwa mwisho. Hiyo ndiyo yenye thamani sahihi.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya muundo na muungano.
2. Muungano una int a; na char b[10]; Je, ukubwa wake hauwezi kupungua baiti ngapi?
3. Asha ameandika m.alama = 'K'; m.k.magunia = 30; Eleza kosa lake.

Majibu

1. Sehemu za muundo zina nafasi zake na hutunza thamani zote kwa pamoja. Sehemu za muungano hugawana nafasi na hutunza thamani moja kwa wakati.
2. Baiti 10, ukubwa wa sehemu kubwa. Kompaila nyingi huifanya 12 kwa kuongeza baiti tupu.
3. Alama inasema kilo lakini kilichoandikwa ni magunia. Programu itasoma m.k.kilo na kutoa thamani isiyo sahihi. Aandike 'M'.