Ugonjwa wa Siliaki: Kwa Nini Kipimo Hutangulia Mwiko

Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikikaribia mwisho wake, njaa kali iliikumba Uholanzi. Mkate uliadimika kabisa. Willem Dicke, daktari wa watoto ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano, aliona kwamba watoto wenye ugonjwa wa siliaki walipata nafuu katika dhiki hiyo. Na mkate uliporudi mezani, ugonjwa nao ulirudi. Mwaka 1950 alieleza katika tasnifu yake kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru.

Ugunduzi huo ulileta tiba, lakini pia una onyo ndani yake: mgonjwa akiacha ngano hupona, na akipona, dalili za ugonjwa hutoweka hata katika vipimo.

Siliaki ni nini?

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba. Ukuta wa ndani wa utumbo huo una vijinyuzi vingi, mfano wa vidole, ambavyo hufyonza chakula. Vijinyuzi hivyo vikisinyaa, mtu huweza kuharisha, kukonda au kupungukiwa na damu, na mtoto huweza kudumaa. Hata hivyo, wako wagonjwa wasioharisha kabisa. Tena dalili kama hizo huweza kuletwa na minyoo, giardia au kifua kikuu cha utumbo. Kwa hiyo dalili peke yake si ushahidi.

Mpango wa vipimo

Kwanza hupimwa damu. Hutafutwa kingamwili za aina ya IgA zinazopambana na kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminasi. Pamoja nazo hupimwa jumla ya IgA yote katika damu, kwa sababu baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wake. Kwa mtu wa namna hiyo kipimo cha kwanza huweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa, kumbe anao. Yeye hupimwa kingamwili za aina ya IgG.

Pili, daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na kuchukua vipande vidogo vya ukuta wake ili vichunguzwe kwa hadubini. Kipande kimoja hakitoshi, kwani madhara huweza kuwa hapa na yasiwe pale. Kwa kawaida huchukuliwa vipande 4 au zaidi. Kwa baadhi ya watoto ambao kingamwili zao zimezidi mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, daktari bingwa huweza kuthibitisha ugonjwa kwa damu tu, baada ya kupima sampuli ya pili.

Tatu, jeni ziitwazo DQ2 na DQ8 huweza kupimwa. Asiye nazo ni nadra sana kupata siliaki. Lakini kuwa nazo hakuthibitishi ugonjwa, maana watu wengi wenye afya njema wanazo.

Kosa la kuepukwa

Mtu akishuku siliaki, aghalabu huacha mara moja mkate, chapati na maandazi. Kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na vipimo havionyeshi kitu. Ili apimwe sawasawa, hana budi kurudia kula ngano kila siku kwa wiki kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari, naye huweza kuugua tena. Basi kanuni ni hii: kupima kwanza, kuacha baadaye.

Ugonjwa ukithibitishwa, gluteni huachwa maisha yote. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo na ndizi hazina gluteni, mradi zisichanganywe na unga wa ngano kinuni au jikoni. Mwiko wa maisha yote ni mzigo. Haifai mtu autwike kwa kukisia, wala asiutupe kwa sababu ya kipimo kilichofanywa wakati usiofaa.

Maswali

1. Kwa nini jumla ya IgA hupimwa pamoja na kingamwili?
2. Mwanafunzi ameacha ngano kwa miezi 6, na kipimo cha damu hakikuonyesha ugonjwa. Je, imethibitika kwamba hana siliaki? Eleza.
3. Taja vyakula 3 vya nyumbani kwenu vyenye gluteni na 3 visivyo nayo.