Majengo ya Sultani Barghash: Maswali na Majibu kwa Watahiniwa wa Salamabila

1. Barghash bin Said alikuwa nani?
Sultani wa Zanzibar, 1870 hadi 1888. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay.

2. Taja vitu alivyowajengea watu wa mji.
Wengi hukimbilia jumba la Beit al-Ajaib. Anzeni na maji. Barghash alivuta maji kutoka chemchemi ya Chemchem hadi mjini, watu wakayateka bila kulipa, katika mji ambao kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu. Halafu hamamu ya Hamamni, ambayo watu waliingia kwa malipo. Beit al-Ajaib (1883), yenye nguzo za chuma na baraza pana, ilikuwa ya sherehe. Mtu wa kawaida aliitazama kwa nje tu.

3. Mtindo wa majengo hayo aliupata wapi?
Bombay kwa sehemu kubwa. Mwaka 1875 alitembelea pia Uingereza.

4. Fedha zilitoka wapi?
Hapa ndipo alama zinapopotea. Ukijibu "karafuu" tu, umejibu nusu. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na mkataba wa Juni 1873 na Waingereza ukafunga soko la watumwa. Ushuru wa forodha ukawa tegemeo, na humo pembe za ndovu zilikuwa na uzito mkubwa. Pembe nyingi zilitoka kwetu Maniema. Mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip (Hamed bin Muhammed el-Murjebi) aliweka makao Kasongo, akikopeshwa mtaji na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Mzigo ulipita Kabambare, Ujiji na Tabora hadi pwani, juu ya mabega ya wapagazi na watumwa, wengine wametekwa vijijini humuhumu Maniema. Mtahini akiuliza nani alijenga Zanzibar, watajeni na hao.

5. Kasongo ilibakiwa na nini?
Nyumba za udongo, mashamba ya mpunga, dini ya Kiislamu na Kiswahili hiki tunachoandikia mtihani. Aprili 1893 majeshi ya Dhanis, afisa wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, yaliuteka mji, na pembe zikageuzwa njia kuelekea magharibi, kwa mto Kongo.

6. Beit al-Ajaib ilipatwa na nini baadaye?
Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati.