Ukinunua Dar hisa za kampuni ya Nairobi

Hisa za KCB zimeorodheshwa katika masoko manne: Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Kampuni ni ileile, lakini wasimamizi wa masoko ni wanne na kila mmoja ana sheria zake. Hapo ndipo linapoingia suala la kutambuana: msimamizi wa nchi moja akubali kazi ya mwenzake, ili waraka wa matarajio, yaani maelezo ya hisa zinazouzwa, uliokwisha kupitishwa kule usianze kukaguliwa upya huku.

Ulaya jambo hili ni sheria. Waraka uliopitishwa Dublin hutumika kuuzia hisa Paris bila Wafaransa kuupitisha tena. Wanapewa taarifa tu. Kwetu, wasimamizi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini makubaliano ya ushirikiano mwaka 1997, lakini ufunguo wa mlango bado uko mikononi mwa kila serikali. Vodacom Tanzania ilipouza hisa mwaka 2017, mwanzoni ziliuzwa kwa Watanzania pekee. Wageni, majirani zetu wakiwamo, waliruhusiwa baadaye, mauzo yaliposuasua.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize dalali hisa zako zitaandikwa kwenye daftari la nchi gani. Si swali la makarani. Hisa za kampuni za Kenya zinaweza kukaa siku nyingi katika soko la Dar bila mnunuzi, na kuzihamishia Nairobi, waliko wanunuzi, kuna fomu zake na muda wake.

Gawio nalo hukatwa kodi kule kampuni iliko. Kenya humkata raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki 5%, na mgeni mwingine asiye mkazi 15%. Hakikisha basi uraia wako umejazwa sawasawa kwenye akaunti yako ya hisa.

Malalamiko hayavuki mpaka kirahisi. Dalali wa Dar akila fedha zako, nenda CMSA, msimamizi wa masoko ya mitaji wa Tanzania; kampuni ikificha hesabu zake Nairobi, mwenye meno ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya. Na akikupigia simu mtu anayedai leseni yake ya nje "inatambulika kote", mwombe jina kamili la kampuni yake, kisha uliulizie CMSA. Kama halimo katika orodha ya wenye leseni, usimtumie hata shilingi.