Simu, vichujio na joto la nyota: zoezi la Korogwe na Handeni

Katikati ya Januari, saa nne usiku, inua uso ukiwa Korogwe au Handeni. Nyota nyeupe yenye ubluu iliyo karibu kabisa na utosi wako ni Rigel. Sogeza macho kaskazini kidogo, utaiona Betelgeuse, rangi ya kaa la moto. Mhunzi hahitaji kuelezwa: chuma huanza chekundu, moto ukizidi huwa cha njano, kisha cheupe. Nyota nazo ni vivyo hivyo: uso wa Betelgeuse una joto la kelvini 3,500 hivi; wa Rigel, 12,000 hivi.

Kuutandaza mwanga wa nyota kama upinde wa mvua, yaani kupata spektra yake, kunataka chombo cha gharama. Njia ya mkato ni kuupima kupitia kichujio cha kijani, kisha cha bluu. Ukihamia bluu, Betelgeuse hufifia zaidi ya mara 5 ukiilinganisha na Rigel. Kwa kuwa vitu vya moto hung'aa kwa mpangilio unaojulikana, vipimo hivyo viwili vinatosha kukisia umbo la spektra, ila si ile mistari myembamba inayofichua nyota imeundwa na nini.

Kamera ya simu tayari ina vichujio vidogo vyekundu, vya kijani na vya bluu. Kaa mbali na taa za stendi, egemeza simu juu ya mfuko wa mchanga, zima urekebishaji wa rangi, tumia kipima muda ili kidole kisiitikise. Vuruga fokasi kidogo nyota iwe doa. Doa lililojaa weupe halipimiki, punguza muda wa kamera kupokea mwanga. Kisha soma namba za bluu na kijani kwa programu ya picha, nyota zote mbili kwenye picha moja.

Usipime nyota iliyo chini karibu na upeo. Hewa nene na moshi wa mashamba huila bluu kwanza, na nyota ya moto ikaonekana baridi. Vumbi lililo kati ya nyota hufanya hila hiyohiyo, na hilo huwezi kulikwepa kwa kusubiri nyota ipande. Ndiyo maana Harold Johnson na William Morgan, mwaka 1953, waliweka na kichujio cha tatu, cha urujuanimno: vumbi na ubaridi haviachi alama moja kwenye rangi tatu. Simu haina hicho cha urujuanimno, kwa hiyo anza na nyota angavu za juu.